Muulize Fundi: Tailizi mpya juu ya za zamani bafuni, inakubali au tunajidanganya?

Hela za korosho zikishaanza kuingia, maswali ya ujenzi nayo yanaingia, na safari hii meseji nyingi zimelalia bafuni. Wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, nimezichagua chache zinazosaidiana. Aliyeuliza rangi ya geti anisubiri toleo lijalo.

Shikamoo fundi. Niko Shangani, Mtwara mjini, nyumba ya marehemu baba. Bafu lina tailizi ndogo nyeupe zenye maua ya bluu, zipo tangu nasoma msingi. Hazijapasuka ila zimechakaa na mistari yote imekuwa myeusi. Fundi wa kwanza kaniambia tubomoe zote mpaka kwenye tofali, wa pili anasema huko ni kuchoma hela, yeye anabandika juu yake, siku mbili kamaliza. Choo ni sinki la kuchuchumaa na mlango unafungukia ndani. Nimsikilize nani?

Marahaba dada. Wa pili yuko sahihi kwa ukuta, wa kwanza yuko sahihi kwa sakafu, na hiyo siku mbili isahau kabisa.

Tuanze na ukuta. Tailizi mpya inakubali kukaa juu ya ya zamani, hilo halina ubishi, shida ni kwamba mpya haishikiliwi na ukuta, inashikiliwa na ile ya zamani. Kama ya zamani imeshaachia lipu, umeiongezea mzigo tu wa kuisaidia kudondoka. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba kwa fundi yeyote, chukua sarafu ya mia mbili au mpini wa bisibisi, gonga kila tailizi, katikati na kwenye pembe zote nne. Iliyoshika inatoa mlio mfupi mkavu. Iliyoachia inatoa mlio mzito wa uwazi, utaujua tu hata kama hujawahi kushika mwiko. Kila yenye mlio huo iweke alama ya chaki, alafu ukimaliza simama mlangoni uangalie hizo alama zimekaaje.

Hapo ndo wengi hawaangalii. Alama zikiwa zimetawanyika, moja huku mbili kule, hizo unazing'oa hizo tu, unajaza mashimo yake mpaka yalingane na tailizi za jirani, unaacha yakauke, kazi inaendelea. Ila ukikuta zimejikusanya chini ya koki, au zimeshuka kwa mstari kutoka bomba la mvua mpaka chini, hiyo sio tailizi mbovu, hilo ni bomba linavuja ndani ya ukuta na limekuwa linavuja muda mrefu. Ukifunika na tailizi mpya umefunika uvujaji, utakuja kuuona chumba cha pili rangi ikianza kubabuka. Na kama zilizoachia zinafika moja katika kila tano, mimi binafsi naacha mjadala, nabomoa zote.

Tuseme zimegongwa na zimeshika. Sasa usafi. Tailizi ya bafuni hata ikionekana nyeupe ina sabuni iliyoganda, ina mafuta ya kupaka, ina ule ukungu mweupe wa chokaa wanaouacha watu wa maji ya kisima. Sugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, suuza, alafu pitisha dawa ya asidi ya kusafishia vyoo, suuza tena kwa maji mengi mpaka basi (na usichanganye hiyo asidi na dawa ya klorini, moshi wake unaua, sitanii). Acha pakauke.

Kisha grenda, diski ya almasi. Kazi yake hapa sio kukata, ni kuutoa ule mng'ao wa juu. Uso wa tailizi umepakwa kitu ambacho kikichomwa kwenye tanuru kinageuka kioo, hakina tundu, hakinywi maji, hakuna pa kushika. Fundi anaupitisha mshazari huku na huku mpaka uso unafifia na ukipitisha kiganja kinakwaruza. Ni kazi chafu, vumbi lake ni baya kwa mapafu na vipande vya kioo vinaruka, kwahiyo barakoa na miwani, watoto watoke, mlango wa chumbani uzibwe na kanga iliyoloweshwa maji. Fundi akikwambia "mama hii haina haja, gundi ya siku hizi inashika popote", muulize kama ataandika hivyo kwenye karatasi.

Gundi. Hapa ndo pesa yako iende, hata kama itabidi tailizi zenyewe uchukue za bei ya chini. Simenti na mchanga hapana, simenti tupu ya uji hapana, hata kama simenti ni ya hapahapa Mtwara imetoka kiwandani asubuhi. Tafuta gundi ya tailizi ya mfuko, na usome ubavuni mwa mfuko, kuna herufi na namba. C1 ni ya kawaida, ya kubandika kwenye lipu. Wewe unataka C2, ambayo kipimo chake cha kushika ni mara mbili ya C1. Ukiona C2TE bora zaidi, ile T maana yake tailizi haitelezi kushuka ukutani ikiwa mbichi, E maana yake inachelewa kidogo kukauka usoni, na kwa joto letu hilo kidogo unalihitaji sana. Mfuko hauna maandishi yoyote ya hivyo, uache dukani.

Kubandika kwenyewe kunataka mwiko wa meno, sio mwiko wa kujengea. Gundi inatandazwa eneo dogo, inachanwa kwa meno kwa upande mmoja, na mgongo wa tailizi nao unapakwa kidogo, unabandika na kukandamiza. Baada ya kubandika mbili tatu mwambie abandue moja mbele yako muangalie mgongo. Gundi iwe imeenea kote mpaka pembeni. Ukiona mistari tu au madonge, huyo hajakandamiza. Gundi iliyotandazwa inakaa kama dakika 20 hivi, mchana wa Januari bafu lenye dirisha la jua inaweza isifike, dawa yake ni kuigusa kwa kidole, kidole kikitoka kisafi hiyo imeshafunga uso, ikwanguliwe iwekwe nyingine. Watu wanaongeza maji kwenye ndoo kuilainisha, hapo wameiua.

Ile siku mbili sasa. Kwenye lipu fundi anabandika leo kesho anapiga grauti (ule uji wa kujazia mistari), kwasababu lipu inakunywa maji ya gundi. Kwako nyuma kuna tailizi ya zamani isiyokunywa maji, mbele kuna mpya ambayo uso wake nao ni kioo, yale maji yatoke wapi? Yanatokea kwenye mistari tu. Kwahiyo acha mistari wazi siku 3 ndipo grauti, na kabla ya kuanza kumwagia maji mpe kama wiki. Mtaoga uani, mtazoea. Na kona zote za ukuta na ukuta, pia ukuta na sakafu, usijaze grauti, acha nafasi ya milimita 5 ujaze silikoni, maana kona ndo inapocheza nyumba ikipata joto na baridi, grauti ni ngumu itapasuka, na maji yanapita hapohapo.

Kitu kingine kidogo lakini kinaleta ugomvi: ukuta unaongezeka unene sentimita moja na nusu hivi. Koki iliyotokeza ukutani inazama ndani, kifuniko chake hakikai, swichi nayo inakuwa shimoni, na fremu ya dirisha inaonyesha ubavu mbichi wa tailizi. Kiungio kifupi cha kurefushia koki na ile kona ya plastiki ya kumalizia vinunuliwe mapema, sio fundi ameshabandika ndo mtu anatumwa sokoni na bodaboda.

Sasa sakafu, dada. Sakafu yako usibandike juu. Tailizi ya milimita 8 mpaka 10 jumlisha gundi, sakafu inapanda karibu sentimita moja na nusu. Mlango wako unafungukia ndani, utakwama, sawa utarandwa. Lakini bafu linatakiwa liwe chini kuliko koridoo ili maji yasitoke, na bafu nyingi za zamani kizingiti chake ni kidogo hivyohivyo, ukipandisha umelisawazisha na koridoo, siku tundu la maji likiziba unapiga deki nyumba nzima. Alafu sinki la kuchuchumaa limekaa sawa na sakafu ya sasa, ukipandisha linabaki kwenye shimo, ukingo wake unakuwa mahali pa uchafu kukaa milele. Na mteremko: mimina ndoo moja ya maji sasa hivi pale mlangoni uyaangalie. Yakienda yote kwenye tundu bila kuacha dimbwi, una bahati. Yakisimama, tailizi mpya zitafuata bonde lilelile, gundi sio ya kunyooshea sakafu.

Bafu la kawaida sakafu yake ni mita za mraba 2 au 3 tu, kibarua mwenye tindo na nyundo hamalizi siku. Ngoa sakafu pamoja na mstari wa chini kabisa wa ukuta, panga mteremko upya, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, paka dawa ya kuzuia maji sakafuni na upande nayo ukutani sentimita 15 hivi, kona zote mara mbili. Ikishakauka ziba tundu, jaza maji, acha mpaka kesho yake uone kama yameshuka. Ndipo tailizi. Ukuta wa juu unabaki na tailizi zake za maua, tunabandika juu.

Fundi habari za kazi. Mimi nimechelewa, nilishabandikiwa juu ya zile za zamani mwaka jana hapa Mtanda, Lindi. Fundi alitumia simenti na mchanga, akaweka madonge madonge. Sasa zinadondoka zenyewe, usiku tumelala tunasikia paah! Ya zamani inabaki ukutani inang'aa kama mpya. Nilaumu tailizi au fundi? Na hizi zilizodondoka nzima naweza kuzirudishia?

Pole sana kaka. Tailizi haina kosa, iangalie tu mgongoni itakwambia. Umesema ya zamani imebaki inang'aa, maana yake donge la simenti limeondoka na tailizi mpya, yaani simenti ilishika vizuri tu upande wa mpya, upande wa zamani haikuwahi kushika, ilikuwa imeegemea. Ingekuwa donge limebaki ukutani na mgongo wa mpya ni msafi, ningesema tailizi ilikuwa na vumbi au simenti ilishaanza kukauka. Na ingekuwa zimetoka zote mbili zimegandana na unga wa lipu nyuma yake, basi za zamani ndo zilizochoka. Mwenye tatizo kama lako aanzie kwenye mgongo kabla ya kugombana na mtu.

Kwanini zilikaa miezi na hazikudondoka siku ileile? Simenti inashika kwa kuingia kwenye vitundu vidogo vya kitu inachokigusa na kugandia humo. Kwenye kioo hakuna vitundu, inashika kidogo tu ikiwa mbichi. Ikikauka inanywea, inajivuta, inaanza kuachia pembeni. Mvuke wa kuoga unaingia, joto la mchana linatanua, usiku linarudi, kila siku kidogo kidogo. Na kama tailizi zilibananishwa bila nafasi katikati ndo kabisa, zinasukumana, moja inaruka, hiyo paah ni hiyo. Madonge nayo yanaacha uwazi nyuma, maji yanakaa humo, ile harufu ya ukungu bafuni hata ukisafisha inatoka huko.

Kuzirudishia inawezekana zikiwa nzima, ila kwangua simenti yote mgongoni, loweka kidogo upige tindo ndogo taratibu, utavunja baadhi. Ukutani piga grenda kama nilivyomwambia dada wa Shangani, gundi C2, nafasi za milimita 2 au 3 katikati. Lakini swali lako halisi ni zile ambazo bado hazijadondoka. Hazijashika na hizo, zinasubiri zamu. Zote zilizo juu ya usawa wa kichwa cha mtoto zishushe wiki hii, kipande cha tailizi kinakata kama wembe na mtu bafuni hana nguo wala viatu.

Fundi mwite kistaarabu, umuonyeshe mgongo wa tailizi na ukuta unaong'aa. Kuna mafundi wazuri tu ambao kwenye lipu wanapiga kazi safi ya simenti miaka yote, hawajawahi kuambiwa kioo ni habari nyingine. Asipokuja basi, ila gharama ya gundi ungeitoa tu hata angekuwa nani.

Salaam. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vichache Mikindani, jengo la zamani la mawe. Bafu mbili za chini, kwenye mistari ya tailizi kunatoka unga mweupe kama chumvi, nafuta unarudi. Nataka nibandike tailizi nzuri kubwa juu yake ili wageni wasione. Unashauri gundi gani?

Sishauri gundi yoyote, mzee wangu, na naomba usikasirike.

Huo unga ni chumvi kweli, onja kidogo kwa ncha ya ulimi ukitaka. Nyumba za mawe za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, jiwe lenyewe limetoka baharini, na ardhi ya pale maji ya chini yako karibu. Ukuta unavuta unyevu kutoka chini, unyevu unapanda na chumvi, ukifika mahali pa kutokea maji yanaruka hewani na chumvi inabaki. Kwenye bafu lako mahali pa kutokea ni mistari ya grauti peke yake, kwingine kote umeziba kwa kioo. Chumvi inapoganda inakuwa na punje, punje zinakua, zinasukuma. Ukiongeza tabaka jingine la kioo juu, unyevu hauondoki, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, utauona umetokea juu ya tailizi kwenye rangi, au upande wa pili kitandani kwa mgeni. Na tailizi zote mbili, mpya na ya zamani, zinasukumwa kutoka nyuma.

Wazee waliojenga kwa chokaa hawakuwa wajinga, chokaa inapitisha unyevu, ukuta unalowa na kukauka. Tulipokuja na lipu ya simenti na tailizi mpaka darini ndo tukaufunga pumzi.

Kwako ningefanya hivi. Kwanza nje: zunguka nyuma ya hizo bafu uone maji ya kuogea yanaenda wapi, mara nyingi bomba linamwaga hapohapo chini ya ukuta au karo limejaa, na maji ya paa yanadondokea msingini. Hilo lirekebishwe kabla ya yote, wakati mwingine peke yake linapunguza nusu ya shida. Kisha tailizi za ndani zibomolewe pamoja na lipu ya simenti, ukuta uachwe wazi ukauke, na usiseme wiki mbili, ukuta mnene wa mawe unataka miezi, kwahiyo anza mvua zikiisha, Mei au Juni hivi, na jitahidi uwe na chumba kingine cha kuingiza hela. Chumvi inayotokeza ipigwe brashi kavu na ifagiliwe itupwe, usiioshe kwa maji, maji yanairudisha ndani. Baadae rudishia lipu ya chokaa juu, na tailizi weka pale tu maji yanapopiga, pembe ya kuogea, baada ya dawa ya kuzuia maji. Sehemu nyingine paka chokaa nyeupe. Wageni wengi wanaokuja Mikindani wanafuata hizo kuta za zamani, wewe unataka kuwaficha!

Hili na wasiokaa nyumba za mawe liwahusu pia. Ukiona unga mweupe kwenye nyumba ya tofali iliyojengwa juzi, uliza mchanga ulitoka wapi. Mchanga wa ufukweni ni wa bure na uko karibu, kwahiyo unashawishi, ila umeingiza chumvi ndani ya lipu na haitoki. Maji ya kisima yenye chumvi nayo usichanganyie lipu wala zege, yanakula nondo.

Niko Masasi. Bafu langu ni mita 2 kwa 1.5, nataka ukuta tu juu ya tailizi za zamani, zipande mita 2.1. Nitumie maboksi mangapi na mifuko mingapi ya gundi?

Mzunguko wa bafu ni mita 7, mara 2.1 ni mita za mraba 14.7. Toa mlango wa sentimita 70, unabaki na 13.2 hivi. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, tunazungumzia 14.6. Ukichukua tailizi za 25 kwa 40, kila 10 zinatimiza mita ya mraba moja, kwahiyo ni tailizi 146, gawa kwa idadi iliyoandikwa kwenye boksi maana viwanda vinatofautiana. Gundi weka kilo 4 na nusu kwa mita ya mraba, ni kilo 60, mifuko 3 ya kilo 20, nunua wa nne ukae pembeni, ukibaki mzima muombe mwenye duka mapema kama atarudisha.

Maboksi yote chukua siku moja na hakikisha namba ya toleo iliyopigwa ubavuni ni moja. Hata tailizi za kiwanda kimoja, jina moja, rangi inapishana toleo kwa toleo na saizi inapishana milimita. Zinakuja na malori kutoka Mkuranga, Chalinze na kwingineko, ukirudi kuongeza boksi mbili mwezi unaofuata utapewa za mzigo mwingine na ukuta utakuwa na viraka.

Mimi ni mpangaji Ligula, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya ukarabati. Bafu linatia aibu, nibandike mpya juu kwa gharama zangu?

Usifanye. Hizo ni hela utamwachia. Kwako nahisi kinachotia aibu ni mistari myeusi kuliko tailizi zenyewe. Nunua kifaa cha kukwangulia grauti, au hata msumari mnene uliofungwa kwenye kijiti, kwangua mistari yote ishuke milimita 3 hivi, fagia vumbi, loanisha kidogo, jaza grauti mpya ya mfuko, futa na sponji. Silikoni mpya kwenye kona. Ni kazi ya wikendi moja na mikono itauma, ila utashangaa. Na dada wa Shangani kama umefika hapa chini, na wewe ungejaribu hii kwanza kwenye ukuta mmoja.

Bibi yetu anaishi Kilwa Masoko, bafu lake lina tailizi zinazoteleza sana, alishaanguka mara moja Mungu akasaidia. Tubandike za kukwaruza juu yake?

Kwa bibi nitalegeza msimamo wangu wa sakafu. Kama ile ndoo ya maji inaenda yote kwenye tundu, kizingiti kina nafasi, na choo chake ni cha kukaa kilicho chumba kingine, bandikeni juu, grenda na gundi kama nilivyosema, na mfuniko wa tundu la maji upandishwe ulingane na tailizi mpya. Chagueni tailizi ndogo zenye uso wa kukwaruza, kama boksi lina alama ya R, yaani kipimo cha kutoteleza, basi R11, R9 kwa bafu la mzee ni ndogo. Tailizi ndogo zina mistari mingi na mguu unashika kwenye mistari. Muhimu kuliko yote fungeni bomba la kushikilia ukutani, skrubu zipite tailizi zote mbili na lipu ziingie kwenye tofali, zikiishia kwenye tailizi siku bibi anaivuta inatoka nayo. Kabla ya yote hayo, leo hii, mnunulieni mkeka wa mpira.

Fundi, Newala maji tunanunua kwa ndoo. Fundi wangu anataka pipa zima la kulowekea tailizi kabla ya kubandika kwa gundi. Ni lazima?

Sio lazima na hata haifai. Kuloweka ni kwa zile tailizi za udongo zinazokunywa maji, zinapobandikwa kwa simenti, ili zisiinyang'anye simenti maji yake. Ukitumia gundi ya mfuko tailizi inabandikwa kavu, futa tu vumbi mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu, ukiiloweka unaweka maji katikati ya gundi na tailizi. Maji ya kuchanganyia gundi ni kama lita 5 kwa mfuko wa kilo 20, kipimo kamili kimeandikwa kwenye mfuko, yawe masafi ya kunywa. Ya kuoshea vifaa na sponji ndoo mbili kwa siku zinatosha, na hizo usimwage kwenye tundu la bafu, gundi itaganda humo, mwaga nje mbali na shimo.